Udhibiti wa mtumiaji katika mifumo huria ya uendeshaji

Udhibiti wa mtumiaji katika mifumo huria ya uendeshaji ni uwezo wa mwenye kompyuta au simu kujua programu zake zinafanya nini, kuzibadilisha, kuzizuia na kuamua zifanye kazi kwa namna gani. Suala hilo linahusu hasa mifumo iliyojengwa juu ya kiini cha Linux, kama vile Debian, Ubuntu na Android. Kisheria, sehemu kubwa ya msimbo wa mifumo hiyo iko wazi kwa kila mtu. Hata hivyo mifumo yenyewe imekuwa mikubwa, na kazi zake nyingi hufanyika mahali ambapo mtumiaji haoni.

Kutokana na hali hiyo kuna mvutano wa muda mrefu. Upande mmoja, ugumu ukifichwa watu wengi zaidi wanaweza kutumia kifaa bila kusomea kompyuta. Upande mwingine, jambo lililofichwa ni vigumu kulikagua, na anayelificha hupata nafasi ya kuamua badala ya mwenye kifaa. Makala hii inaeleza mvutano huo kwa mifano ya kimataifa na ya mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania, ambako Linux hutumika kila siku ndani ya simu za watu ambao pengine hawajawahi kulisikia jina hilo.

Maana ya istilahi

Mfumo wa uendeshaji ni programu inayosimamia kifaa chote: hugawa kumbukumbu, husoma na kuandika kwenye diski, huwasiliana na mtandao na kuruhusu programu nyingine zifanye kazi. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini au kerneli.

Msimbo chanzo ni maandishi ya programu jinsi yalivyoandikwa na mtunzi wake, kabla ya kugeuzwa kuwa namba ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Asiye na msimbo chanzo anaweza kuitumia programu, lakini ni vigumu kwake kujua inavyofanya kazi.

Programu huria ni programu ambayo leseni yake inampa kila mtumiaji uhuru wa kuitumia kwa lengo lolote, kusoma na kubadilisha msimbo wake, kugawa nakala, na kugawa nakala alizozibadilisha mwenyewe. Wazo hilo lilienezwa na Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha Linux, na mwaka 1992 kiliwekwa chini ya leseni ya GNU. Mikusanyo ya kiini hicho na programu nyingine ilifuata upesi, kwa mfano Slackware na Debian mwaka 1993, na Ubuntu mwaka 2004.

Mlinganisho wa meli ya Liemba

Tofauti kati ya kitu kilichofichwa na kitu kilichofungwa inaweza kuelezwa kwa historia ya meli ya Liemba, inayojulikana kwa wakazi wote wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande, ikapakiwa katika maelfu ya makasha, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya kuzipaka injini grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke zilibadilishwa kuwa za dizeli katika miaka ya 1970.

Abiria aliyetoka Kigoma kwenda Kasanga hakuhitaji kuijua injini ya meli hiyo. Kwake injini ilikuwa imefichwa chini ya sitaha. Lakini haikuwa imefungwa: fundi aliyetaka kuifikia aliifikia, akaitengeneza, na hatimaye ikabadilishwa kabisa. Bila nafasi hiyo meli isingeweza kudumu katika mikono ya tawala tatu na aina mbili za injini.

Katika mifumo ya uendeshaji pia swali si kama ugumu umefichwa, kwa kuwa lazima ufichwe kwa kiasi fulani. Swali ni kama mwenye kifaa, au fundi anayemwamini, anaweza kufunua kifuniko anapohitaji.

Ugumu uliofichwa kwa faida ya mtumiaji

Si kila kinachofichwa humnyima mtumiaji udhibiti. Mfano mmoja ni jinsi diski inavyolindwa umeme unapokatika. Jambo hilo lina uzito Kigoma, ambako kwa miaka mingi umeme ulitegemea majenereta ya dizeli yaliyokuwa nje ya gridi ya taifa.

Katika miaka ya 1990 kompyuta nyingi za Linux zilipanga mafaili kwa utaratibu ulioitwa ext2. Kompyuta ikizimika ghafla, ilipowashwa tena ililazimika kukagua diski nzima. Wakati mwingine ilimwuliza mtumiaji maswali ambayo hakuweza kuyajibu bila elimu ya kutosha. Utaratibu wa ext3, ulioingizwa rasmi katika kiini mwaka 2001, uliongeza daftari la ndani. Kabla ya kubadilisha mpangilio wa mafaili, mfumo huandika kwanza katika daftari hilo jambo unalokusudia kulifanya. Umeme ukikatika, mfumo husoma daftari na kukamilisha au kuacha kazi iliyokatizwa, kwa sekunde chache na bila kuuliza mtu.

Hapa ugumu umeongezeka na mtumiaji hauoni, lakini hakupoteza kitu. Msimbo wa ext3 na mrithi wake ext4 uko wazi, na fundi anaweza kubadilisha au kuzima daftari hilo kwa amri moja.

Mfano wa pili ni vifurushi vya programu. Programu moja huhitaji nyingine, na hizo huhitaji nyingine tena. Zamani mtumiaji alizitafuta zote mwenyewe. Debian ilileta chombo kiitwacho apt, ambacho huzitafuta na kuzisakinisha kwa pamoja. Kabla ya kuanza, apt huonyesha orodha ya vifurushi vitakavyoongezwa au kuondolewa, hutaja ni megabaiti ngapi zitapakuliwa na, pale orodha inapozidi kile alichokiomba mtumiaji, humwuliza kama anakubali. Kwa mtu anayelipia bando kutoka mfukoni mwake, taarifa hiyo ni sehemu ya udhibiti: anajua gharama kabla ya kuilipa.

Masasisho ya kujiendesha

Hali ni tofauti pale mfumo unapoamua wenyewe wakati wa kupakua. Kampuni ya Canonical, inayotoa Ubuntu, ilianzisha vifurushi vya aina ya snap. Kila kifurushi cha snap hubeba ndani yake sehemu kubwa ya mahitaji yake, kwa hiyo hugongana kidogo na programu nyingine. Kwa kawaida mfumo huo huangalia masasisho mara nne kwa siku na kuyasakinisha bila kumwuliza mtumiaji.

Watetezi wa utaratibu huo husema kwamba watu wengi hawasasishi programu zao wenyewe, na programu ya zamani yenye kasoro ni mlango kwa wahalifu. Hoja hiyo ni nzito. Wapinzani hujibu kwamba mwenye kompyuta ndiye anayelipia data, na ndiye anayejua kama yuko katikati ya kazi. Tena, duka la vifurushi hivyo liko chini ya kampuni moja, na msimbo wa seva zake hauko wazi. Mwaka 2020 watungaji wa Linux Mint, mkusanyo unaotokana na Ubuntu, waliamua kwamba toleo lao la 20 lisisakinishe mfumo wa snap bila mtumiaji kutaka. Canonical yenyewe ililegeza msimamo: awali mtumiaji aliweza tu kuahirisha masasisho kwa muda, lakini mwishoni mwa mwaka 2022 ilitangaza amri ya kuyazuia bila kikomo.

Mabishano juu ya systemd

Ubishi mkubwa kuliko yote kuhusu suala hili ulihusu systemd, programu iliyoanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers. Kompyuta ya Linux inapowaka, kiini huanzisha programu ya kwanza, na hiyo huanzisha nyingine zote. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na hati fupi za amri ambazo msimamizi aliweza kuzifungua na kuzisoma kama barua. Kosa likitokea, alifuata mstari kwa mstari hadi kuliona.

Systemd iliweka utaratibu mwingine. Huduma nyingi huanzishwa kwa wakati mmoja, kila huduma hufuatiliwa, na ikianguka inaweza kuinuliwa tena bila msaada wa mtu. Maelezo ya kila huduma ni mafupi na hufanana katika mikusanyo mingi ya Linux, kwa hiyo aliyejifunza mfumo mmoja anaweza kufanya kazi katika mwingine. Lakini systemd ilichukua pia kazi nyingine nyingi, kama vile kusimamia kumbukumbu za matukio. Kumbukumbu hizo huhifadhiwa kwa muundo ambao hausomeki kwa programu ya kawaida ya maandishi, bali kwa amri maalumu.

Debian ilijadili jambo hilo kwa ukali. Mwezi Februari 2014 kamati yake ya ufundi iligawanyika nusu kwa nusu, na kura ya mwenyekiti ndiyo iliyoipa systemd ushindi. Ubuntu ilifuata uamuzi huo. Baadhi ya wasiokubali walitangaza mwezi Novemba 2014 mkusanyo wao uitwao Devuan, yaani Debian isiyo na systemd, na toleo lake la kwanza thabiti lilitoka mwaka 2017.

Tukio hilo linaonyesha pande mbili za programu huria. Kwanza, walioshindwa katika kura hawakulazimika kutii: walichukua msimbo wote na kuendelea kwa njia yao, jambo lisilowezekana kwa mfumo wenye msimbo wa siri. Pili, haki hiyo ilitumiwa na watu wachache wenye ujuzi na muda. Kutunza mkusanyo mzima ni kazi ya miaka, na mtumiaji wa kawaida hubaki akichagua tu kati ya maamuzi yaliyofanywa na wengine.

Kasoro ya XZ ya mwaka 2024

Hatari ya ugumu uliofichwa ilionekana wazi tarehe 29 Machi 2024. Siku hiyo mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ, chombo cha kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri. Mlango huo uliwekwa na mtu aliyetumia jina la Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alijenga imani kwa kusaidia kazi za mradi huo mdogo hadi akapewa madaraka.

XZ yenyewe haihusiani na kuingia katika kompyuta kwa mbali. Lakini mikusanyo kadhaa ilikuwa imeiunganisha programu ya kuingilia kwa mbali, OpenSSH, na maktaba ya systemd, na maktaba hiyo iliitegemea maktaba ya XZ. Mnyororo huo ulijulikana na wachache tu, na mshambuliaji aliupitia.

Freund aligundua hila hiyo kwa sababu kuingia katika kompyuta yake kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alifuatilia ucheleweshaji huo hadi ndani ya XZ, na aliweza kufanya hivyo kwa kuwa msimbo na mafaili ya mradi yalikuwa wazi. Matoleo yenye kasoro yalikuwa yamefika hasa katika mikusanyo ya majaribio, na yaliondolewa haraka. Kwa hiyo tukio hilo linatumiwa kama ushahidi na pande zote mbili: ugumu ulimficha mshambuliaji, na uwazi ulimfichua.

Simu za Android

Kwa wakazi wengi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao, kompyuta ya kwanza na ya pekee ni simu. Simu nyingi za mguso hutumia Android, mfumo wa Google uliotoka katika simu ya kwanza mwaka 2008. Kiini chake ni Linux, na sehemu kubwa ya mfumo hutolewa kwa leseni huria.

Hata hivyo simu inayouzwa dukani ina tabaka tatu. Tabaka la kati, yaani Android ya msingi, liko wazi. Juu yake kuna huduma na programu za Google ambazo msimbo wake haukutolewa, na programu nyingi maarufu huzitegemea. Chini yake kuna programu za watengenezaji wa vifaa, kama zile za redio ya simu na kamera, ambazo mara nyingi nazo ni siri. Aidha, programu ya kuwashia simu kwa kawaida imefungwa, ili simu ikubali tu mfumo uliotiwa sahihi na mtengenezaji.

Ufungaji huo una sababu. Simu iliyoibwa ni vigumu zaidi kufunguliwa, na mhalifu hawezi kuweka mfumo bandia kwa urahisi. Lakini matokeo yake huonekana mtengenezaji anapoacha kutoa masasisho. Simu bado ni nzima, betri na kioo vinafanya kazi, ila mfumo wake unazeeka, kasoro mpya za usalama hazizibwi, na baada ya muda baadhi ya programu hukataa kufanya kazi. Mwenye simu ana haki ya kusoma msimbo wa kiini, lakini hawezi kuweka kiini kipya katika simu aliyoinunua kwa fedha zake.

Kwa baadhi ya simu kuna njia ya kutokea. LineageOS, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2016 kutokana na mradi wa CyanogenMod, ni Android inayotunzwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya simu nyingi, zikiwemo zilizoachwa na watengenezaji wake. Kuisakinisha huhitaji kwanza kufungua programu ya kuwashia, hatua ambayo hufuta data zote, na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi baada ya hapo.

Udhibiti mdogo zaidi unapatikana bila kufungua kitu. Tangu toleo la 7 la mwaka 2016, Android ina mpangilio wa kuokoa data, unaozuia programu zisitumie bando zikiwa nyuma ya pazia. Duka la programu pia linaweza kuambiwa lisasishe kwa Wi-Fi pekee.

Waangalizi wa misitu mkoani Kigoma

Mfano mzuri wa kuficha bila kufunga unapatikana mkoani Kigoma kwenyewe. Taasisi ya Jane Goodall, iliyotokana na utafiti wa sokwe ulioanza Gombe mwaka 1960, imefanya kazi na waangalizi wa misitu kutoka vijiji vya eneo hilo. Waangalizi hao hutembea katika misitu ya vijiji vyao wakiwa na simu au vishikwambi vya Android, na kuandika wanayoyaona: miti iliyokatwa, mitego, dalili za sokwe na wanyama wengine, pamoja na picha na mahali.

Programu iliyotumika huitwa ODK, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani mwaka 2008. Ni programu huria. Mtumiaji huona fomu yenye maswali tu. Nyuma ya fomu hiyo programu hutumia ishara za setilaiti zinazopokelewa na simu kupata mahali, hupanga majibu katika mafaili, huyahifadhi katika simu pasipo na mtandao, na huyatuma mtandao unapopatikana.

Mwangalizi hahitaji kuyajua hayo yote ili afanye kazi yake vizuri. Lakini muundo wa fomu na mafaili unajulikana na umeandikwa, seva ya kupokelea inaweza kuwekwa na taasisi yenyewe, na msimbo unaweza kukaguliwa. Taasisi ikitaka kubadilisha maswali, lugha au mahali pa kuhifadhi data, haihitaji ruhusa ya mtu. Ugumu umefichwa, na ufunguo wa kifuniko umebaki kwa wenye kazi.

Lugha na ujuzi

Kifuniko kilicho wazi hakimsaidii asiyeelewa maandishi yaliyo ndani. Kwa sababu hiyo lugha ni sehemu ya udhibiti. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Uswidi, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Watafsiri walilazimika kutafuta maneno ya Kiswahili kwa mamia ya istilahi. Kazi hiyo iliwezekana bila kuomba idhini ya kampuni yoyote, kwa kuwa OpenOffice ilikuwa programu huria.

Lakini tafsiri mara nyingi huishia kwenye menyu na vitufe. Miongozo ya ndani, ujumbe wa makosa na majadiliano ya watungaji vimebaki kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa. Hivyo msemaji wa Kiswahili anaweza kutumia mfumo kwa lugha yake siku zote unapofanya kazi vizuri, na kulazimika kubadili lugha siku unapoharibika, yaani siku anapohitaji udhibiti zaidi.

Namna ya kupima udhibiti

Neno "huria" kwenye leseni halitoshi kuonyesha kama mtumiaji ana udhibiti. Maswali yafuatayo husaidia kupima mfumo wowote:

- Je, mfumo humweleza mtumiaji kabla ya kupakua, kufuta au kutuma data zake?
- Je, uamuzi uliowekwa na watungaji unaweza kubadilishwa, na mabadiliko hayo hubaki baada ya sasisho?
- Je, mafaili yanaweza kusomwa kwa programu nyingine mfumo huo ukiachwa?
- Je, mfumo mwingine unaweza kuwekwa katika kifaa hichohicho?
- Je, yupo mtu wa karibu anayeweza kuufungua na kuurekebisha?

Swali la mwisho halijibiwi na leseni bali na elimu. Mwanafunzi anaweza kuanza kwa kuweka Debian au Ubuntu katika flashi na kuiwasha kompyuta kutoka humo bila kugusa diski, kisha kusoma mafaili ya mipangilio na kufuata kosa moja hadi chanzo chake. Abiria wote hawahitaji kuwa mafundi, lakini bandari isiyo na fundi hata mmoja hutegemea fundi wa mbali, naye huja kwa wakati wake na kwa bei yake.